Machipuko ya mvua, mafuriko na tonado Kentucky: king'ora kikilia, usikimbilie nje

#1 BintiKilosa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo nafungua uzi kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Aprili, na baada ya tonado (upepo mkali unaozunguka) iliyoua watu usiku wa Mei 16 kule Somerset na London (London ya Kentucky, si ile ya Uingereza) nimeona siwezi kuendelea kunyamaza.

Naishi Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Kwetu ni Kilosa. Mafuriko nayajua. Mto Mkondoa ulipovunja tuta mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 nilikuwa bado nyumbani, nikaona reli ya kati imeachwa ikining'inia hewani na watu wamelala kwenye mahema miezi mingi. Kwa hiyo nilipofika huku na kuambiwa machipuko (majira yanayofuata baridi) yana mvua nyingi, nilijisemea moyoni kwamba mvua ni mvua, nimekua nayo.

Machipuko ya mwaka huu wa 2025 yamenionyesha kitu kingine kabisa.

Jumatano ya Aprili 2, tangu mchana televisheni zilikuwa zinaonya. Anga lilikuwa la joto isivyo kawaida, upepo wa kusini unavuma jasho linatoka, na mwezi wa nne huku bado ni wa koti. Karibu saa nne usiku simu zote ndani ya nyumba zikalia kwa pamoja, ule mlio wa kukwaruza, na king'ora cha nje kikaanza kuvuma. Tuliingia bafuni, kwa sababu bafu letu liko katikati ya nyumba na halina dirisha. Watoto wawili nikawalaza ndani ya beseni la kuogea, mkubwa kavaa helmeti ya baiskeli, na mume wangu akavuta godoro kutufunika juu.

Ndipo nikamkumbuka bibi.

Bibi ni jirani yetu wa chini, ametoka Fizi, Kongo. Ameishi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuletwa Marekani. Usiku ule binti yake alikuwa kazini zamu ya usiku, na bibi alibaki na wajukuu wawili. Nikapiga simu haipokelewi. Nikapiga tena. Mume wangu akafungua mlango achungulie, akapiga kelele. Bibi alikuwa nje, kwenye maegesho ya magari, mvua inampiga, wajukuu kawashika mkono huku na huku, na kitenge kimefungwa mzigo kichwani. Alikuwa anatafuta mahali pa kukimbilia kwenye miti ya nyuma ya jengo.

Mume wangu aliwafuata mbio. Tukawa watu saba ndani ya bafu moja.

Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa utulivu kabisa. Mwaka 1996 waliookoka kijijini kwao ni wale waliotoka ndani mapema. Waliobaki ndani ya nyumba walikutwa humo. Kwa hiyo sauti ya hatari ikilia, mwili wake unajua jambo moja tu: toka nje, beba watoto, nenda porini.

Usiku ule tonado ilipita Jeffersontown, upande wa mashariki wa Louisville, ikaezua mabohari, na wapimaji wakaipa daraja la EF2 (kipimo cha nguvu ya tonado). Kwetu haikufika. Ingefika, bibi na wale watoto wangekuwa wamesimama chini ya mti.

Naandika kwa ajili ya watu kama bibi, na wako wengi: Louisville, Bowling Green, Lexington, Nashville, Memphis, Dallas, kote huko Waswahili wapo. Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, Wasomali Wabantu. Maonyo ya simu yanakuja kwa Kiingereza, na kwa Kihispania kwa aliyeweka simu yake kwenye lugha hiyo. Kiswahili hakimo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa na huduma ya kutafsiri maonyo kwa lugha chache, Kifaransa kikiwemo, lakini mkataba wa huduma hiyo uliisha na tafsiri zikasimama Aprili 1, siku moja kabla ya tufani hizi kuanza. Zikarudi baadaye mwezi huohuo. Ila Kiswahili hakikuwemo kabla, na hakikuwemo ziliporudi.

Naomba tujadili, na wenye uzoefu waongeze.

#2 MwalimuBahi

Pole sana dada, na mpe pole bibi. Mimi nafundisha jiografia sekondari huku Dodoma. Swali langu: hii tonado ndiyo kimbunga kama Hidaya cha mwaka jana, au ni kitu tofauti? Wanafunzi huniuliza, na vitabu vyetu vinaita vyote kimbunga.

#3 KisiwaMafia

Hidaya nilikuwepo, Mei 4, 2024, hapahapa Mafia. Kile kilitoka baharini, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakatutangazia siku kadhaa mbele, tukavuta mashua juu, tukafunga mapaa kwa kamba. Siku nzima upepo, minazi imelala. Nasoma maelezo ya dada naona chake hakikutoa hata nusu saa.

#4 RadaYaKale

Mwalimu, nimefanya kazi za hali ya hewa miaka mingi, ngoja nijaribu.

Kimbunga cha bahari kama Hidaya au Idai ni kikubwa, upana wake unahesabiwa kwa mamia ya kilomita, na chakula chake ni joto la maji ya bahari. Kinatembea taratibu, unakifuatilia kwa setilaiti siku tano. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka, inashuka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Upana wake mara nyingi ni mita mamia chache tu, nyingi hazifikishi dakika kumi, lakini upepo ndani yake unaweza kupita ule wa kimbunga chochote. Wanaipima kwa uharibifu ilioufanya, kuanzia EF0 hadi EF5. EF5 ni upepo wa zaidi ya kilomita 320 kwa saa.

Kwa Kiswahili tuna neno la jamaa yake mdogo: kisulisuli, wengine wanaita chamchela. Ule upepo wa kiangazi unaozoa vumbi na makaratasi uwanjani, tulipokuwa watoto tunaambiwa tupishe, kuna pepo anapita. Tofauti ni kwamba chamchela huzaliwa chini, kwenye ardhi iliyochemka, na anga juu ni jeupe. Tonado inazaliwa juu, ndani ya wingu zito.

Kwa nini Marekani? Angalia ramani. Kusini kuna Ghuba ya Meksiko inayopuliza hewa ya joto yenye unyevu. Magharibi kuna milima inayoleta hewa kavu, na kaskazini hakuna mlima wa kuzuia baridi ya Kanada. Machipuko ndiyo wakati hizo hewa zinagongana, huku upepo wa juu ukivuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na wa chini. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya wingu lianze kujizungusha.

Na mafuriko yao ya Aprili sababu yake ni hiyohiyo. Mpaka kati ya hewa ya joto na ya baridi uligoma kusogea. Ukasimama kuanzia Arkansas kupitia Tennessee hadi Kentucky, na mawingu ya mvua yakawa yanapita juu yake moja baada ya jingine, kama mabehewa kwenye reli moja. Kila behewa linamwaga palepale. Memphis peke yake ilipata zaidi ya milimita 300 ndani ya siku chache.

#5 BintiKilosa

@RadaYaKale asante sana, umenieleza kitu ambacho nilikiona kwa macho bila kukielewa. Mvua ilikuwa inakatika nusu saa, tunasema imekwisha, halafu inaanza upya kwa nguvu ileile. Jumatano hadi Jumapili hivyohivyo.

Kuhusu jina, huku kwetu watu wanasema tonado tu, na bibi anasema "ile upepo ya king'ora".

#6 MutotoWaUvira

Jambo dada. Miye niko Bowling Green, nimefika hapa 2018. Pole kwa yule mama wa Fizi, ni mama yetu.

Sisi tulipitia hii kitu Desemba 11, 2021, usiku sana. Haikuwa hata machipuko, ilikuwa baridi, tunakaribia Krismasi. Tonado iliingia mujini, ikaua watu 17 hapa kwetu, na wengi walikuwa wageni kama sisi, familia za Wabosnia wamepoteza batoto. Mimi ile usiku simu ililia nikaizima. Nilifikiri ni ile matangazo ya mutoto amepotea. Nilisoma maneno sikuelewa, nikalala. Asubui nyumba ya barabara ya pili haina paa.

Nilisikia kuna familia ya Wahispania hapa Kentucky, ile usiku walipata onyo kwa Kiingereza wakaliacha, likaja tena kwa lugha yao, wakajificha haraka. Onyo ni lilelile, lugha tu.

Na kwetu Uvira tuliona mafuriko, Aprili 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu. Lakini mto unajua kitanda chake. Unajua atapita wapi. Hii upepo haina kitanda.

#7 DerevaWaMasafa

Poleni nyote. Mimi ni Mkenya, naendesha lori, miaka kumi na mmoja sasa, barabara kuu za I-40 na I-65 nazijua kama njia ya kwenda kwetu Machakos.

Aprili 2 usiku nilikuwa Arkansas naelekea Tennessee. Nataka niwaambie wenye magari jambo moja, maana naona watu wetu wakifanya hivi: usisimamishe gari chini ya daraja la barabara kuu kujificha tonado. Inaonekana kama pango, lakini upepo ukipita pale chini unabanwa, unaongeza kasi, unakuvuta nje au unakutupia vyuma. Pia unafunga njia kwa wengine. Toka kwenye barabara mapema, ingia kituo cha mafuta au hoteli yoyote, uliza choo kiko wapi, ingia huko. Hawatakufukuza. Mimi usiku ule tulikuwa madereva karibu 30 kwenye korido ya vyoo, wazungu, Wapunjabi, Wasomali, tumechuchumaa, mikono juu ya shingo.

Asubuhi yake nilipita karibu na Selmer, Tennessee. Ule mji ulipigwa Machi 31, 2023, wakazika watu, na sasa tena usiku wa Aprili 2. Niliona mabati yamejikunja kwenye miti kama nguo zilizoanikwa.

#8 Nyota_ya_Kigoma

Dada naomba kuuliza, sisi tunaishi kwenye nyumba za trela (zile nyepesi za kuhamishika), nje kidogo ya mji. Hatuna besimenti (chumba cha chini ya ardhi). Bafu lipo lakini nyumba yenyewe ukigonga ukuta inatikisika. Tufanye nini? Nina watoto wanne.

#9 BintiKilosa

@Nyota_ya_Kigoma swali lako ndilo muhimu kuliko yote humu, naomba nikujibu kwa urefu.

Kwenye trela usibaki, hata bafuni. Trela zinapinduliwa na tonado ndogo, hata zikifungwa kwa mikanda ya chuma. Kwa hiyo wewe huwezi kusubiri king'ora. Ukisikia king'ora umeshachelewa kufunga watoto kwenye gari. Unatakiwa uondoke mapema, na hapo ndipo inabidi ujue tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza.

La kwanza ni "Tornado Watch". Maana yake hewa imeshakaa vibaya, tonado inaweza kutokea eneo lenu ndani ya saa kadhaa zijazo. Hakuna iliyoonekana bado. Kwa mtu wa trela hiyo ndiyo saa ya kuondoka. Nenda kwa ndugu mwenye nyumba ya matofali, nenda kanisani kama kuna chumba cha chini na mlango unafunguliwa, piga simu kaunti yako uulize mahali pa kujikinga. Uliza leo, jua likiwa linawaka, usiulize siku ile.

La pili ni "Tornado Warning". Maana yake imeonekana kwa macho au kwenye rada, inakuja, una dakika chache, pengine kumi, pengine tano. Mwenye nyumba imara anaingia ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha, anafunika kichwa. Watu wengi wanauawa na vitu vinavyoruka, ndiyo maana nawavalisha wanangu helmeti. Na viatu. Ukitoka salama, sakafu nzima ni misumari na vioo.

Jingine ambalo sikulijua miaka mingi: king'ora cha nje kimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje. Hakikusudiwa kumwamsha mtu aliyelala, madirisha yamefungwa na kipoza hewa kinanguruma. Tena kinaweza kisilie kabisa. Mei 16 hiihii mchana tonado ya EF3 ilipiga St. Louis na ving'ora vya jiji havikulia. Nunua redio ya hali ya hewa, ile yenye betri inayojiwasha yenyewe usiku onyo likitoka. Ni bei ya buti za mtoto. Sisi tumenunua mbili, moja nimempa bibi. Haelewi inachosema, lakini ikilia anajua agonge mlango wangu.

#10 MwalimuBahi

Dada, hiyo ya Mei 16 ya Kentucky ndiyo iliyoua wengi?

#11 BintiKilosa

Ndiyo mwalimu. EF4. Ilianza usiku, ikatembea karibu maili 60, ni kama kilomita 97 hivi, ikiwa chini ardhini, ikapita Somerset ikafika London karibu na usiku wa manane watu wamelala. Karibu watu 20 walikufa Kentucky usiku ule. Kusini-mashariki kule ni vilima na misitu, huoni upeo wa macho kama kule Kansas na Oklahoma ambako picha zinapigwa. Huku inakuja gizani imejifunika mvua, huioni hata umeme ukimulika. Ukisubiri uione ndipo uamini, hutapata nafasi.

#12 Mpemba_Ughaibuni

Assalaam aleykum. Tunasoma na kuogopa. Mimi naona kila kitu kimeandikwa, tuzidishe dua. Haya mambo ya redio na helmeti hayazuii kadari.

#13 BintiKilosa

Waaleykum salaam kaka. Dua tuliomba. Ndani ya lile bafu bibi aliomba kwa Kibembe, mimi na mume wangu kwa Kiswahili, na wajukuu wake wakaimba wimbo wa kanisani hadi simu ilipoandika onyo limeisha. Sikuona kama dua na godoro vinagombana. Mungu alitupa dakika kumi, na mimi sikutaka bibi azitumie kutembea kuelekea kwenye miti.

#14 Mpemba_Ughaibuni

Umesema kweli dada yangu. Hata ngamia hufungwa kwanza. Nimekuelewa.

#15 MamaWaMtoNdakaini

Na mafuriko yalikuwaje huko? Sisi Kenya mwaka 2024 tulilia sana, Mai Mahiu Aprili 29 maji yalikuja usiku yakabeba vijiji. Nilidhani nchi tajiri ina mitaro.

#16 BintiKilosa

Pole mama, Mai Mahiu tuliifuatilia huku tukilia.

Mafuriko yalikuja nyuma ya upepo. Hiki ndicho kilichonichosha zaidi, kwamba ukitoka bafuni unamshukuru Mungu, halafu unasikia maji. Ijumaa ya Aprili 4, Frankfort, mji mkuu wa jimbo, mtoto wa miaka 9 alisombwa na maji asubuhi akitembea kwenda kituo cha basi la shule. Mwanangu mkubwa ana miaka 9. Siku ile sikumtoa nje, na sikwenda kazini.

Mto Kentucky pale Frankfort ulipanda hadi futi 48.27, ni kama mita 14.7, Jumatatu ya Aprili 7. Rekodi yao ni ya Desemba 1978, futi 48.5. Yaani ulibakiza upana wa kiganja kimoja tu kuivunja. Kuta za kuzuia maji zilishikilia katikati ya mji, lakini walioko nje ya kuta waliogelea.

Kwetu Louisville mto Ohio ulipita futi 36, wakati mafuriko huanza kuhesabiwa futi 23. Jiji hili lilizama zaidi ya nusu Januari 1937, wazee wanazo alama ukutani. Baada ya hapo ndipo wakajenga ukuta na matuta, kilomita zaidi ya 40, na pampu za kusukuma maji ya ndani kuyarudisha mtoni. Nilikwenda kuangalia Aprili 8. Wafanyakazi walikuwa wamefunga barabara kwa milango ya chuma, upande mmoja watu wanakunywa kahawa, upande wa pili mto wa rangi ya chai ya maziwa unabeba magogo na friji. Nilisimama pale nikakumbuka tuta la Mkondoa. Lilijengwa kwa kazi hiyohiyo. Tofauti niliyoiona ni watu wanaoutunza ukuta wakati hakuna mvua, wanakata nyasi juu yake na kujaribu pampu kila mara. Tuta letu lilikuwa limeota miti na watu wanachimba mchanga pembeni.

Lakini ukuta hauzuii maji yanayotoka chini. Jirani mmoja anayekaa chumba cha besimenti, maji yalimjia kwa tundu la sakafu, taratibu, usiku, yakafika godoro. Alishusha mkono kitandani kutafuta simu, akagusa maji.

#17 DerevaWaMasafa

Niongeze hapo kwa gari. Maji yanayotembea ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 yanabeba gari dogo, 60 yanabeba karibu gari lolote, hata pikapu kubwa. Nimeona mwenzangu wa Eldoret akisema barabara naijua, napita kila siku. Barabara uliyoijua jana huenda haipo chini ya yale maji. Ameokolewa juu ya paa la gari.

#18 BintiKilosa

Kweli kabisa. Mimi mwenyewe Jumamosi ile ya Aprili 5 nilifika penye daraja la reli ambalo barabara inapita chini yake. Maji yamejaa, lakini yametulia kama kioo, na nilikuwa nimechelewa zamu. Mguu ulikuwa tayari kwenye mafuta. Nikaona ncha ya kibao cha alama ya barabara, ile ya kuonyesha urefu wa daraja, imetokeza kidogo tu juu ya maji. Nikapiga hesabu kile kibao kiko wapi siku zote. Kiko juu ya kichwa changu nikisimama. Nikageuza gari, mikono inatetemeka hadi nyumbani.

#19 FundiBimaNashville

Kwa waliopata hasara, haya ninayojua kutokana na kazi yangu.

Bima ya nyumba ya kawaida, hata ile ya mpangaji, kwa kawaida hailipi mafuriko. Upepo ukiezua paa, inalipa. Maji yakipanda kutoka mtoni, hailipi. Bima ya mafuriko inanunuliwa pembeni, na ile ya mpango wa serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usiinunue wingu limeshafika.

Msaada wa fedha wa FEMA (shirika la serikali ya Marekani la majanga) hautolewi kwa raia peke yao. Wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kuomba. Hata kama wewe huna hadhi hiyo, ukiwa na mtoto mdogo raia mnayeishi naye, unaweza kuomba kwa jina lake. Lakini ni lazima kaunti yako iwe kwenye orodha iliyotangazwa. Barua ya kwanza ikisema hapana, isome hadi mwisho. Mara nyingi imepungua karatasi moja, na una siku 60 za kukata rufaa. Piga picha kila kitu kabla hujatupa, hata zulia.

Zulia lililolowa litupwe. Ukungu unaanza ndani ya siku moja au mbili, na watoto wenye pumu ndio wa kwanza kuumia. Na nawasihi sana: umeme ukikatika, jiko la mkaa na jenereta visiingie ndani ya nyumba wala gereji. Nyumba za huku zimezibwa kuzuia baridi, hewa ya sumu haina pa kutokea. Haina harufu. Tumezika watu kwa hilo.

#20 Nyota_ya_Kigoma

Dada BintiKilosa, nimepiga simu kaunti leo, mwanangu mkubwa alinitafsiria. Kuna shule moja dakika nane kutoka kwetu, wanafungua ukumbi wa chini siku za hatari. Nimekwenda na gari kupima njia. Sikujua miaka yote mitatu. Asante.

#21 BintiKilosa

Nimesoma hii nimelia. Mungu akulinde wewe na wanao wanne.

Wakuu, sasa naomba msaada wenu wa mwisho. Tumeanzisha kundi la WhatsApp la majirani hapa Louisville, mtu mmoja wa zamu anakaa macho usiku wa hatari na kutuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili. Tatizo ni maneno. Tulianza na "tahadhari" kwa lile la kwanza na "onyo" kwa lile la pili, lakini tukagundua watu hawatofautishi. Kwa wengi tahadhari na onyo ni kitu kimoja.

#22 RadaYaKale

Hata kazini tuligombania hilo. Acha majina ya hatari, taja kitendo. La kwanza: KAA TAYARI. La pili: INGIA NDANI SASA. Mtu akiamshwa usingizini anaweza kufuata amri ya maneno matatu, tafsiri ya neno hawezi.

#23 MutotoWaUvira

Na musiseme "jifiche" peke yake. Kwa mutu wa vita, jifiche ni porini. Semeni wapi. Mu nyumba, mu dushi.

#24 KisiwaMafia

Na asiseme kijana. Huku Hidaya ilipokuja, watu walimsikiliza mzee wa msikiti kuliko redio.

#25 BintiKilosa

Asanteni sana, nimefanya kama mlivyosema. Jana jioni nilishuka kwa bibi na simu yangu, nikamweleza nataka sauti yake. Aliuliza nani atasikiliza, nikamwambia watu wa nyumba zote 40 za hapa na ndugu zao wa Bowling Green. Akatengeneza kilemba kwanza, ingawa ni sauti tu. Tulirudia mara tatu kwa sababu wajukuu walikuwa wanacheka nyuma.

Nawaandikia alichosema, kama alivyosema (dushi ni bafu, matela ni godoro), mwenye kutaka kukituma kwao akitume:

"Miye ni mama yenu wa Fizi. Mukisikia hii sauti, musitoke inje. Nasema tena, musitoke inje, haiko vita. Kamata batoto, ingieni mu dushi, chini kabisa, mujifunike na matela. Vaeni viatu. Mukae paka nitawaita."